Je, majarida ya kitabibu mtandaoni yote ni ya kulipia?

Kuna ujumbe wa siku nyingi unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wahadhiri wa udaktari wa meno hapa Uganda: eti majarida ya mtandaoni ni ya wenye dola, sisi tubaki na vitabu vya rafuni. Si kweli.

Tangu 2002 upo mpango wa Hinari, unaozifungulia taasisi za afya za nchi zenye kipato kidogo maelfu ya majarida. Uganda imo katika kundi lisilolipa. Sharti ni taasisi iwe imejisajili, nawe uingie kwa nywila yake.

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mtu yuko nyumbani Ntinda, kwa bando lake, anabofya makala moja kwa moja kutoka Google. Tovuti ya mchapishaji haimtambui, inamdai dola 30 na ushee. Anapiga picha ya skrini, anairusha kwenye grupu. Angepitia ukurasa wa maktaba, huenda makala ileile ingefunguka.

Kuhakiki ni rahisi: muombe mkutubi nywila, ujaribu mwenyewe. Kwenye PubMed nako, tovuti ya kutafutia makala za kitabibu, chuja makala zenye matini kamili ya bure. Ni kweli baadhi ya majarida hayamo kwenye Hinari, lakini baadhi si yote. Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mwenzako anayeandaa somo la magonjwa ya fizi asije akaacha kutafuta.