Je, wajua kwa nini samaki aitwaye besi, akiwa dume, hung'ata ndoano hata kama hana njaa?

Barafu ya majira ya baridi ikishayeyuka kwenye maziwa ya kaskazini mwa Minnesota, Marekani, na jua la mwisho wa Mei likaanza kupasha maji ya ufukoni, anayepita na mtumbwi taratibu huona jambo linalomfanya asimamishe kafi. Chini yake, kwenye kina kisichozidi urefu wa mtu, samaki wa rangi ya shaba amesimama juu ya duara jeupe la changarawe. Haendi popote na wala hawindi. Lakini mshushie chambo bandia cha mpira, hata kisichofanana na chakula chochote, atakirukia na kukidaka mara moja.

Kwa nini adake kitu asichokusudia kukila? Kwa sababu huyo ni baba aliye lindoni, na hicho ulichokishusha amekichukulia kuwa mwizi wa mayai.

Samaki mwenyewe ni besi mdomo-mdogo, ambaye wanasayansi humwita Micropterus dolomieu. Asili yake ni Amerika Kaskazini: Maziwa Makuu ya huko, mto Saint Lawrence, na mito ya Ohio, Tennessee na Mississippi ya juu. Ana michirizi ya wima ubavuni na macho mekundu. Wasomaji wa Kenya huenda wanamfahamu zaidi ndugu yake, besi mdomo-mpana, aliyepandikizwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Kuwatofautisha ni rahisi, tazama tu pembe ya mdomo: kwa mdomo-mpana inapita nyuma ya jicho, kwa mdomo-mdogo inaishia chini ya jicho. Besi mdomo-mdogo anayeshikilia rekodi ya dunia alivuliwa mwaka 1955 katika ziwa la Dale Hollow, mpakani mwa Tennessee na Kentucky, akiwa na uzito wa kilo 5.4. Huko kaskazini kwenye baridi hukua polepole sana, na mwenye kilo moja na nusu tayari ni mzee wa kuheshimiwa.

Maji yakifika nyuzi joto 15 hivi, dume ndiye anayeanza kazi. Hutafuta mahali penye changarawe, aghalabu ubavuni mwa jiwe kubwa au gogo lililozama, ili upande mmoja uwe na ukuta. Kisha hupiga mkia chini, tope na majani yaliyooza yakatimka, na mawe yakabaki safi. Ndiyo sababu kutoka juu kiota huonekana kama duara la rangi nyepesi. Jike huja, hutaga maelfu ya mayai yanayonata kwenye mawe, kisha huondoka na hatarudi tena. Kwa sato tuliyemzoea Afrika Mashariki, mama ndiye hubeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe. Kwa besi, malezi yote ni ya baba.

Na ni malezi ya kuchosha. Usiku na mchana hupepea mayai kwa mapezi yake ili yapate hewa na tope lisiyafunike. Mayai yakianguliwa, vifaranga hulala kwanza katikati ya mawe wakimaliza kiini cha yai, kisha huinuka wote pamoja kama wingu jeusi juu ya kiota, naye huzunguka nao hadi watawanyike. Katika maziwa ya baridi kazi hii inaweza kuchukua mwezi mzima. Muda wote huo hula kidogo mno, hivyo huishi kwa akiba ya mwili wake na kukonda.

Hapa ndipo penye jibu la swali letu. Chakula anachokipenda kuliko vyote ni kamba wa maji baridi, yule mwenye magando anayetambaa chini ya mawe. Lakini kamba huyohuyo hula mayai, na samaki wadogo waliozagaa jirani wanasubiri nafasi hiyohiyo. Kwa baba aliye lindoni, chochote kinachosogelea duara lake ni adui, na yeye hana mkono wa kumfukuzia adui. Silaha yake kubwa ni mdomo. Humkimbilia, humng'ata, na ikibidi humbeba na kumtema nje ya kiota. Ndoano ikiwa ndani ya hicho alichokidaka, amenaswa. Mayai yakiwa mengi ukali huzidi, na yanapokaribia kuanguliwa pia, kwa maana sasa kuna kikubwa zaidi cha kupoteza.

Sasa, mtumbwi unaingiaje? Mpakani mwa Minnesota na Kanada kuna hifadhi iitwayo Boundary Waters, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 4,400 na maziwa zaidi ya 1,000. Ililindwa kwa sheria ya mwaka 1964, na sheria nyingine ya mwaka 1978 ikabana matumizi ya injini, kiasi kwamba maziwa mengi humo hayafikiki ila kwa kafi. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Ontario, kuna hifadhi ya Quetico yenye sura hiyohiyo. Kati ya ziwa na ziwa watu hubeba mtumbwi begani na kupita njia za msituni ambazo Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walizipita karne nyingi na mitumbwi yao ya magome ya mti. Mitumbwi ya siku hizi ya Kevlar, yaani nyuzi imara na nyepesi, ina uzito wa kilo 20 hivi, na mtu mmoja anaweza kuibeba.

Sauti husafiri majini zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na samaki huhisi mitetemo kwa masikio ya ndani na kwa mstari wa hisia ulio ubavuni. Injini inatangaza ujio wako mapema, na hata kafi ikigonga ubavu wa mtumbwi wa bati, habari imeshafika. Mtumbwi unaoendeshwa kwa utulivu hauna kelele hizo, na unaelea kwenye maji yanayofika gotini. Unaweza kukaa juu kabisa ya kiota. Besi wa kawaida angekimbia akiona kivuli chako, lakini mwenye mayai haendi mbali. Kwa maoni yangu, huko si kuvua tena. Ustadi wa mvuvi hauna kazi pale ambapo samaki amejifunga mwenyewe mahali pamoja.

Na hasara haiishii kwake. Kwenye ziwa Opinicon huko Ontario, ambako Chuo Kikuu cha Queen's kina kituo cha utafiti wa viumbe, watafiti huogelea na miwani ya kuzamia, wakaweka alama kwenye viota na kukadiria mayai, kisha wakafuatilia kinachotokea dume akivuliwa na kurudishwa. Wezi huingia ndani ya dakika chache. Kadiri dume anavyokaa nje ya kiota na kadiri mayai yanavyoliwa, ndivyo anavyoelekea kukitelekeza kabisa. Kwa hiyo ule usemi wa kwamba "nimemrudisha majini mzima, hakuna ubaya" hautoshi. Mwenye mtumbwi ana shida ya ziada pia: mtumbwi ni mwepesi, upepo unausukuma na samaki mwenyewe anauvuta, na ukija kumwachia, kiota kimeshabaki mbali.

Viota vya mapema ndivyo vyenye thamani kubwa, na ndivyo vinavyokutana na wavuvi wa kwanza wa msimu. Besi wachanga karibu hawali kitu wakati wa baridi. Huishi kwa mafuta waliyoyaweka kiangazi. Aliyechelewa kuzaliwa akaingia Novemba akiwa mdogo, mara nyingi hafiki majira ya kuchipua.

Kuna jambo lingine linalonigusa zaidi. Jimboni Illinois, watafiti waliwazalisha besi mdomo-mpana kwa vizazi kadhaa katika makundi mawili: waliokuwa wepesi kunaswa na waliokuwa wagumu. Wepesi wa kunaswa walizaa watoto wepesi wa kunaswa. Na madume wa kundi hilo ndio waliokuwa walezi bora, wakali na wenye bidii zaidi kiotani. Maana yake ni kwamba ndoano inayotupwa viotani huwaondoa kwanza wale wazazi hodari.

Lazima niseme ukweli wa upande wa pili pia. Kwenye maziwa mengi ya Boundary Waters besi huyu ni mgeni. Alipandikizwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuwafurahisha wavuvi wa starehe, na anapoingia ziwa la trauti, samaki mwingine anayewinda samaki wadogo, huwamaliza samaki wadogo ambao trauti aliwategemea. Kwenye ziwa Little Moose, milima ya Adirondack jimboni New York, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walianza mwaka 2000 kuwaondoa besi kwa kutumia umeme unaowapumbaza samaki. Zaidi ya miaka 20 baadaye, besi waliobaki wanakua haraka na kukomaa wakiwa wadogo, na ziwani bado wamejaa. Baba anayelinda hivi ni vigumu kumshinda akishaota mizizi. Ndiyo maana kuhamisha samaki hai kutoka ziwa hadi ziwa ni kosa kubwa kuliko yote niliyoyataja hapa.

Anayetaka kumvua kwa haki na asubiri viota viishe, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Juni. Wakati huo besi hutawanyika kwenye ncha za miamba na miti iliyoangukia majini, akila kwa njaa ya kweli baada ya mfungo mrefu. Chambo cha rangi ya kamba, kikiburutwa polepole juu ya mawe, humtoa. Jioni maji yakitulia, hata chambo kinachoelea juu humfanya aruke. Wa nyuma ashike mtumbwi kwa kafi usiyumbe, wa mbele arushe mshipi akiwa amekaa chini, si kusimama. Lowesha mikono kabla ya kumshika, ili ute unaomkinga usitoke, wala usimlaze kwenye sakafu ya bati iliyochomwa na jua.

Kama bado hujui aliye mbele yako yuko kiotani au la, msogelee kidogo, umshtue, kisha usimamishe kafi. Anayewinda akikimbia hutokomea. Mwenye mayai atazunguka hatua chache na kurudi palepale alipokuwa. Huyo mwondokee.