Manowari ni nini, na kwa nini Liemba siyo

Juzi nikiwa ndani ya basi la Tabora kwenda Kigoma, kijana wa kiti cha mbele alikuwa akimsimulia mwenzake habari za Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. "Ile ilikuwa manowari ya kivita ya Wajerumani," akasema, na mwenzake akaguna kwa mshangao. Sikumkatiza, safari ilikuwa ndefu na kijana alisimulia kwa raha. Ila si mara ya kwanza kuisikia sentensi hiyo, na ina makosa mawili.

Manowari ni chombo cha jeshi kilichoundwa kupigania majini. Meli ya askari ni chombo kinachowachukua wapiganaji na kuwashusha wanakotakiwa, na mara nyingi ni meli ya abiria au kivuko kilichotwaliwa na serikali vita vilipozuka. Mabaharia wa manowari huitumia kupigana. Aliyepakiwa kwenye meli ya askari ni abiria, hata kama amevaa sare na bunduki iko begani.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Manowari tumeipata kwa mabaharia wa Kiingereza, ambao chombo cha namna hiyo walikiita "man-of-war". Litamke haraka, ulipe irabu ya mwisho kama tunavyoyapa maneno mengi ya wageni, na manowari hiyo hapo. Tafsiri yake ni mtu wa vita. Vita tayari vimo ndani! Ukisema "manowari ya kivita" umesema mtu wa vita wa kivita, ndugu yake yule anayepanda juu na kushuka chini. Na hili silisikii kwenye mabasi tu, hata watangazaji wa habari wanalo. Wengine wameongeza la kwao: wanaita manowari kile chombo kinachozama na kuibuka. Hicho ni nyambizi, na mbizi unaisikia humo humo ndani ya jina.

Meli nayo ina yake. Wazee walikuwa na merikebu, iliyotoka kwa Waarabu. Kisha zikaja meli za moshi zenye kuleta barua. Kampuni ya British India ilianza safari zake za posta kuja Unguja mwaka 1872. Barua kwa Kiingereza ni "mail", na chombo kikabandikwa jina la mzigo wake. Kwa hiyo mtu akitaka kunibana anaweza kusema kwamba "meli ya kivita" kwa asili ni barua ya kivita. Kwa hilo simgombezi mtu. Meli imeshakua, ina wajukuu, imesahau barua. Manowari haijasahau vita.

Turudi Liemba. Iliundwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ichukue abiria na mizigo katika Ziwa Tanganyika, pale reli ya kati inapoishia. Ikafunguliwa vipande vipande, ikajazwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Ilipoteremshwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, vita vilikuwa vimeshaanza. Abiria wake wa kwanza wakawa askari, waliopelekwa baina ya Kigoma na Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo. Ni kivuko kilichozaliwa siku mbaya.

Najua utaniuliza kuhusu mzinga. Ni kweli, ilifungwa mzinga uliotolewa kwenye Königsberg ya Wajerumani, iliyoteketea delta ya Rufiji Julai 1915. Hiyo Königsberg ndiyo manowari hasa, tangu siku ilipochorwa. Mzinga wa Liemba uling'olewa baadaye ukapelekwa nchi kavu, na chombo kilichobaki bado kilikuwa na kazi ya kupakia watu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nyingi. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa Liemba, jina la zamani la ziwa. Grisi ile ilifanya kazi yake.

Torpedo, yaani kombora la chini ya maji, hata hivyo haijali tofauti hii ninayoing'ang'ania. Khedive Ismail ilikuwa meli ya abiria, mali ya kampuni ya posta ya Misri (barua tena). Februari 1944 iliondoka Mombasa kuelekea Colombo na watu zaidi ya 1,500, wengi wao wanajeshi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12 nyambizi ya Wajapani ikaipiga karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika mbili hivi na watu 1,297 wakafa. Katika msafara ule manowari zilikuwepo, zikiilinda. Yenyewe haikuwa mojawapo.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa basini, hukukosea sana. Mzinga ulikuwepo, Wajerumani walikuwepo, vita vilikuwepo. Siku nyingine sema tu ilikuwa meli ya abiria iliyopakia askari. Na ukishindwa kabisa kuiacha manowari, basi hiyo "ya kivita" ishushe Tabora.