Matairi ya masika: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Gari la kwendea kazini hapa Dar es Salaam mara nyingi ni IST, Vitz, Passo au Raum iliyokwisha kutumika Japani, na mwenyewe hakumbuki kama lina matairi mpaka masika yaingie. Mvua ya kwanza inalowesha vumbi na mafuta yaliyolala kwenye lami tangu kiangazi, gari linateleza kwenye kipilefti cha mtaani kwake, na ushauri unaanza kumiminika. Fundi ana lake, shemeji ana lake, jirani mwenye Harrier ndiyo usiseme. Mwingine ni ushauri mzuri. Huu ufuatao si mzuri.

"Nipe ya misimu yote, masika yetu ni makali"

Misimu inayozungumzwa hapo ni ya joto na baridi, mvua haimo. Matairi ya misimu yote yalienea Marekani ili dereva asilazimike kufunga matairi mengine kila Novemba na kuyavua kila Aprili. Mpira wake umechanganywa ili usikakamae sana baridi ikiingia. Ulaya mpaka unaotajwa ni nyuzi 7: chini ya hapo tairi la kiangazi, yaani la miezi yao ya joto, huanza kuwa gumu, juu ya hapo ndilo linaloshika lami vizuri zaidi, ikiwa kavu au imelowa. Dar haijui nyuzi 7. Hata usiku wa Julai ni nadra kushuka chini ya 15. Kwa hiyo tairi ambalo Mjerumani analivua Oktoba, sisi tungeweza kulitumia mwaka mzima bila wasiwasi.

Sisemi la misimu yote ni baya. Mengi yana mifereji mizuri ya kutoa maji na yanafaa kabisa. Ila jina hilo lisikupandishie bei. Herufi M+S ubavuni zinamaanisha matope na theluji, na ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji huja baada ya jaribio, lakini ni jaribio la kwenye theluji.

Cha kutafuta ni mshiko kwenye maji. Tairi linalouzwa Ulaya huwa na lebo inayoupima kwa madaraja kutoka A hadi E. Mengi yanayouzwa Marekani, na mengine yanayofika kwetu, yamechongwa ubavuni neno TRACTION na daraja AA, A, B au C. Hilo hutokana na kufunga breki kwenye lami na zege iliyomwagiwa maji. Muuzaji atakuonyesha namba ya TREADWEAR iliyo jirani yake, 400 au 500, akusifie. Namba hiyo inapima tairi litadumu kiasi gani. Kwenye maji haikuambii kitu.

"Haya yalikuja na gari kutoka Japani, kashata bado nene, mvua itayaweza"

Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu mwenye gari anaamini amepata bahati. Chuchumaa utazame ubavuni. Ukikuta neno STUDLESS, hayo ni matairi ya theluji, na gari lako huenda lilitoka Hokkaido au mkoa mwingine wa baridi. Utayatambua hata bila maandishi: kila kashata, yaani kila kipande cha mpira kilichoinuka usoni mwa tairi, imekatwakatwa vistari vyembamba vya mawimbimawimbi, na ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea kwa urahisi.

Ulaini huo umewekwa makusudi ili mpira ubaki mwororo kwenye barafu. Kwenye lami ya Dar, hata iliyolowa, mpira huo unazidi kulainika na kashata zinapindapinda unapokanyaga breki, gari linachukua mita zaidi kusimama. Na hizo kashata nene unazozifurahia zitaisha upesi ajabu. Wajapani wenyewe wakifika kiangazi wanayavua. Kama hela ya seti mpya haijapatikana, endesha ukijua hivyo, acha nafasi kubwa mbele yako, na hayo yawe ya kwanza kuondoka.

"Kipara bado, kashata zinaonekana"

Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha karibu milimita 8. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vilivyolala. Kashata zikishafika usawa wa vinundu hivyo, zimebaki milimita 1.6. Hapo ndipo sheria za nchi nyingi, Japani ikiwemo, zinapolikataa tairi. Mvua imeshalikataa kabla ya hapo. Kwa mvua zetu mimi naona milimita 3 ndiyo mwisho.

Kuna pia umri. Kwenye tairi la mtumba lililopakwa dawa nyeusi likang'aa, tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho za mstari huo: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, geuza tairi, mara nyingi ziko ubavu mmoja tu. Mpira hukakamaa kwa miaka hata kama tairi halikutembea, na mpira mkakamavu huteleza kwenye maji kashata zikiwa zimejaa.

Lile lililochongwa upya kwa kisu cha moto usiliguse. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa na mpira wa ziada wa kuchongwa, nayo huandikwa REGROOVABLE. La gari dogo halina akiba hiyo. Kisu kinakaribia nyuzi za ndani.

"Mvua ikinyesha punguza upepo, lishike"

Ushauri huu umetoka kwenye mchanga, na mchangani ni sahihi. Kwenye lami yenye maji ni kinyume. Mwaka 1963 watafiti wa NASA wa kituo cha Langley, waliokuwa wakishughulikia matairi ya ndege, walichapisha kanuni inayoonyesha kwamba kasi ambayo tairi huacha lami na kupanda juu ya maji hutegemea upepo uliomo ndani. Ukiipigia hesabu kwa upepo wa 32 (psi, kipimo cha mashine ya kujazia), inakuja karibu kilomita 94 kwa saa. Kwa 20, inashuka hadi karibu 74. Kwa gari dogo ni makadirio tu, lakini mwelekeo haubadiliki: ukipunguza upepo, unateleza mapema.

Kwenye foleni ya Ubungo hakuna tairi la kuelea. Hofu ni kwa anayetoka Kibaha alfajiri, njia nane ziko wazi na madimbwi hayaonekani. Kipimo sahihi kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kPa. 220 ni sawa na 32 ya mashine ya kujazia upepo. Pima asubuhi kabla matairi hayajapata moto.

"Weka mapana, yatashika zaidi"

Kwenye lami kavu, pengine. Kwenye maji, tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni na hupanda juu mapema kuliko jembamba. Baki na saizi ya kibandiko. Na pale Jangwani mto ukishapita juu ya barabara, hakuna saizi itakayokuvusha: maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kubeba gari dogo.

"Una hela ya mawili? Mapya yanakaa mbele"

Fundi atakubishia hapa, na hoja yake inaingia akilini: IST inavutwa na miguu ya mbele, usukani uko mbele, breki kubwa ziko mbele. Lakini fikiria kinachotokea kwenye kona yenye maji. Matairi ya mbele yakiteleza, usukani unakuwa mwepesi, gari linataka kwenda moja kwa moja, unaachia mafuta na mara nyingi linarudi. Ya nyuma yakiteleza, gari linazunguka kabla hujajua ni nini, na si madereva wengi wa kawaida wanaoweza kulirudisha. Ndiyo maana watengenezaji wakubwa wa matairi wanasema mapya mawili yafungwe nyuma, hata kwa gari linalovutwa mbele, na yale yaliyobaki, kama bado yana kina cha kutosha, yahamie mbele. Mwambie fundi mapema, kabla hajapandisha jeki.