Handaki la Arusha–Moshi na saa iliyorudi 1970

Kutengeneza funguo na kuwasha VPN, yaani handaki la siri kupitia intaneti, kati ya ruta mbili kulinichukua dakika kumi na tano, chai ikiwa bado ya moto mezani. Kuifanya itulie, isinipigie simu alfajiri, kulinichukua wiki tatu na safari nne za Moshi. Naandika zaidi kuhusu hizo wiki tatu.

Mteja ni kampuni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Ofisi iko Arusha, Njiro. Stoo ya mahema, majiko na mitungi ya oksijeni iko Moshi, Majengo. Seva ni moja tu, ya Arusha, na ndiyo yenye mfumo wa stoo na mafolda ya wageni: nakala za pasipoti, fomu za afya, nani ana pumu, nani hagusi karanga. Moshi wakihitaji kitu walikuwa wanatumiwa kwa WhatsApp, kwenye grupu lenye waongozaji, wapishi, na shemeji wa dereva ambaye hakuna aliyekumbuka aliingiaje humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mwenye kampuni alipoisoma usingizi ukamruka. Akanitafuta.

Nilimweleza kwa mfano wa mahandaki ya reli ya SGR kule Kilosa. Treni inaingia upande huu wa mlima na kutokea upande ule, na aliye juu ya mlima haoni abiria. Paketi, yaani kifurushi kidogo cha data, inayotoka kwenye kompyuta ya Moshi inafika kwenye ruta ya Moshi, ruta inaisimba isisomeke, inaifungasha ndani ya paketi nyingine, inaituma kupitia intaneti ya kawaida hadi ruta ya Arusha, ambayo inafungua na kuikabidhi kwa seva. Akiikamata mtu njiani ataona ruta mbili zinazungumza, basi. Kompyuta zenyewe hazijui lolote, na mama wa stoo hana kitufe cha kubonyeza wala nenosiri la kusahau. Ndiyo maana napenda kuweka VPN kwenye ruta kuliko kwenye kila laptopu.

Kabla ya kugusa ruta nilichukua karatasi nikachora. Hapo hapo tatizo la kwanza likajitokeza: ofisi zote mbili zilikuwa zinatumia 192.168.88.0/24, anwani za mtandao wa ndani ambazo ruta za MikroTik zinatoka nazo kiwandani. Simama stendi ya Moshi uite "Mushi!" uone wangapi watageuka. Ruta nayo ni hivyo hivyo: ukiiambia ipeleke paketi kwa 192.168.88.10, itamtafuta wa kwake wa nyumbani, haina sababu ya kuvuka handaki kilomita 80 kumtafuta mwingine mwenye jina lile lile. Zipo mbinu za kutafsiri anwani ili mitandao miwili inayofanana ionane, na mimi siziwekei mteja ambaye kesho atamwita fundi mwingine. Nikabadilisha: Arusha 192.168.10.0/24, Moshi 192.168.20.0/24, na handaki lenyewe 10.99.99.0/30. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo kulikuwa na printa na kamera sita zilizoandikiwa anwani kwa mkono na fundi aliyenitangulia, moja ikiwa juu ya paa, na siku nzima ikaishia hapo.

Jambo la pili la kuuliza ni nani ana anwani ya umma, yaani inayofikika kutoka popote kwenye intaneti. Fungua ruta, soma anwani iliyopewa upande wa intaneti, kisha linganisha na ile ambayo tovuti yoyote ya kuonyesha IP inakuonyesha. Zikitofautiana, au ya ruta ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na hakuna mtu wa nje anayeweza kukugongea mlango. Laini za simu nyingi ziko hivyo, na Moshi walikuwa wanatumia laini ya simu. Habari njema ni kwamba inatosha upande mmoja kuwa na anwani ya umma. Arusha wana faiba, wakalipia anwani isiyobadilika. Moshi ndiyo inapiga hodi, Arusha inafungua. Usikubali kuuziwa anwani mbili kama moja inatosha.

Kuhusu aina ya VPN sitabishana sana. PPTP, aina ya zamani, iache ipumzike. Tangu 1998 udhaifu wake umeonyeshwa hadharani, na bado nakutana nayo. IPsec ni imara, inaelewana na ruta za karibu kila kampuni, na kama upande mmoja una Cisco na mwingine una kitu tofauti ndiyo chaguo langu, kwa mipangilio hii: IKEv2, AES-256, SHA-256, kundi la Diffie-Hellman la 14 au juu yake, poti (milango ya mtandao) za UDP 500 na 4500. Shida yake ni kwamba kila kipengele lazima kifanane pande zote mbili, na kisipofanana ujumbe wa kosa unakuwa kama barua ya mganga. Hapa ruta zote zilikuwa MikroTik zenye RouterOS 7, programu inayoziendesha, kwa hiyo nilitumia aina ya tatu, WireGuard. Jason Donenfeld aliiandika kwa makusudi bila menyu ya kuchagua usimbaji: ni ChaCha20 na Poly1305, ukubali au uache. Iliingia kwenye kiini cha Linux toleo 5.6 Machi 2020, na kwa ruta ndogo zenye prosesa ya kawaida ni nyepesi.

Kila ruta inajitengenezea jozi ya funguo. Ufunguo wa umma utume hata kwenye grupu la shemeji, hauna madhara. Ufunguo wa siri haupaswi kutoka ndani ya ruta ile, si kwa WhatsApp, si kwa flashi, si kwenye daftari langu. Upande wa Arusha, tukichukulia anwani yake ya umma ni 203.0.113.10, ya mfano tu:

/interface wireguard add name=wg-moshi listen-port=13231 mtu=1420
/interface wireguard peers add interface=wg-moshi public-key="ufunguo-wa-umma-wa-Moshi" allowed-address=10.99.99.2/32,192.168.20.0/24
/ip address add address=10.99.99.1/30 interface=wg-moshi
/ip route add dst-address=192.168.20.0/24 gateway=wg-moshi

Moshi ni kioo cha hayo, ila mstari wa mwenzake unaongezewa mahali pa kupiga hodi:

/interface wireguard peers add interface=wg-arusha public-key="ufunguo-wa-umma-wa-Arusha" endpoint-address=203.0.113.10 endpoint-port=13231 allowed-address=10.99.99.1/32,192.168.10.0/24 persistent-keepalive=25s

Zile sekunde 25 mwishoni ndizo zinazoweka njia wazi kwenye mtandao wa simu. Ukizisahau, handaki likikaa kimya kwa muda Arusha haitaweza tena kuifikia Moshi mpaka Moshi yenyewe ianze kuongea. Na allowed-address ina kazi mbili ambazo watu huzichanganya: inaiambia ruta ni paketi zipi za kumpelekea mwenzake, na pia ni anwani zipi za kukubali kutoka kwake. Paketi ikitoka kwenye handaki na anwani isiyo kwenye orodha inatupwa bila kelele. RouterOS haikuandikii njia kutokana na orodha hiyo, ndiyo maana mstari wa /ip route unahitajika.

Arusha ifungulie UDP 13231 kwenye fayawoli, ukuta wa ulinzi wa ruta, sheria hiyo ikae juu ya ile inayokataa kila kitu. Ukiwa hapo hapo funga Winbox, programu ya kuiendesha ruta kwa mbali, poti 8291, kwa upande wa intaneti. Mwaka 2018 lilipatikana tundu la Winbox lililojulikana kama CVE-2018-14847, lililomruhusu mtu wa nje kusoma faili za ruta pamoja na orodha ya watumiaji, na ruta nyingi duniani zilivamiwa kwa sababu wenyewe hawakusasisha. Handaki zuri kwenye ruta yenye mlango wazi ni kufuli kwenye pazia. Suala la kisheria nalo: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao waziandikishe, tarehe ya mwisho ikiwa 30 ya mwezi huo. Mwambie mteja wako alishughulikie kwa jina la kampuni yake. Si jambo la fundi kulinyamazia.

Basi, funguo zikapeana mikono, nikapiga ping, ujumbe mfupi wa kujaribu kama kuna jibu, kutoka Moshi kwenda 10.99.99.1. Kimya. Hapa vijana wengi huanza kufuta funguo na kuzitengeneza upya. Funguo hazina kosa: kama RouterOS inaonyesha last-handshake (salamu ya mwisho) ya sekunde chache, usimbaji umekwisha fanya kazi yake, tafuta kwingine. Fayawoli ya kiwandani inakataa chochote kinachoilenga ruta yenyewe kama hakitoki kwenye orodha ya LAN (mtandao wa ndani), na wg-moshi haikuwa kwenye orodha hiyo. Nikaiongeza, ping ikajibu. Kisha seva nayo ikawa kimya, na hiyo ilikuwa Windows: sheria yake ya kushiriki mafaili, kwa kawaida, inawakubali wa mtandao wake tu, na 192.168.20 ni wageni. Nikairuhusu Moshi ifike poti 445 na ile ya mfumo wa stoo, si zaidi. Kirusi nacho hupita handakini kikiwa kimesimbwa vizuri kabisa.

Siku ya pili saa tatu asubuhi simu ikaita. "Fundi, shikamoo haitoki leo," alisema mama wa stoo, ambaye mimi ndiye ninayepaswa kumwamkia. "Majina ya mafolda nayaona. Pasipoti haifunguki."

Dalili hiyo ikariri. Vitu vidogo vinapita, vikubwa vinaganda: hiyo ni MTU, ukubwa wa juu wa paketi moja, karibu kila mara. WireGuard inaongeza baiti 60 kwenye kila paketi ikisafiri juu ya IPv4, na 80 juu ya IPv6. Ile 1420 ya kawaida ni 1500 kutoa 80. Lakini laini ya simu ya Moshi haikuwa na upana wa 1500. Bajaji zinapita, Fuso linakwama. Paketi iliyozidi hukatwa vipande njiani au hutupwa, na vipande navyo si kila mtandao unavipokea. Kupima ni rahisi, kwenye kompyuta ya Windows ya Moshi, nje ya handaki:

ping -f -l 1472 203.0.113.10

Inakataa, unapunguza mpaka ikubali. Kwangu ilikubali kwenye 1412. Ongeza baiti 28 za vichwa vya paketi, upana halisi wa njia ni 1440. Toa 60 za WireGuard, unabaki na 1380. Nikaweka mtu=1380 pande zote mbili, na sheria ya kubana TCP ili kompyuta zikubaliane mapema kutuma vipande visivyozidi:

/ip firewall mangle add chain=forward protocol=tcp tcp-flags=syn out-interface=wg-moshi action=change-mss new-mss=clamp-to-pmtu

Moshi vivyo hivyo kwa wg-arusha. Pasipoti zikafunguka, na nikaamini nimemaliza.

Wiki ya tatu umeme ukakatika Moshi usiku, ukarudi alfajiri, handaki halikurudi. Intaneti ipo, ruta ipo, WhatsApp inafanya kazi (grupu likafufuka mara moja). Nikapanda gari la Moshi. Tuko Boma Ng'ombe, mama akapiga: "Usihangaike, imerudi yenyewe."

Fundi hapendi kusikia neno hilo. Nikaendelea na safari.

Kwenye kumbukumbu za ruta ya Moshi mistari ya tangu umeme uliporudi ilikuwa na tarehe ya Januari 1970. Ruta ndogo nyingi hazina betri ya saa. Zikizimwa ghafla zinaweza kuamka zikiwa nyuma ya wakati. Na WireGuard, ili mtu asirekodi salamu ya jana na kuirudia leo, huweka muhuri wa wakati kwenye kila salamu, na anayepokea hukataa muhuri ulio nyuma ya ule wa mwisho aliouona. Arusha ilikuwa inapokea hodi kutoka 1970 na kuzitupa, moja baada ya nyingine, kimya kimya, kama ilivyoundwa.

Lakini si nilikuwa nimeweka NTP, huduma ya kuipa ruta saa sahihi kupitia mtandao? Nilikuwa nimeweka. Kwa ujanja wangu niliielekeza ruta ya Moshi ichukue saa kwenye ruta ya Arusha, 10.99.99.1, kupitia handaki. Handaki linasubiri saa, saa inasubiri handaki.

Ilibaki kujua ilirudi vipi. Nikapiga simu Njiro. Wakabisha kwanza, halafu mhudumu wa ofisi akakiri kwamba asubuhi alichomoa "kile kiboksi cha taa" ili achomeke birika la chai, akakirudisha maji yalipochemka. Ruta ya Arusha ilipowaka upya ilikuwa imesahau muhuri wa mwisho, ambao hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, ikaikubali 1970 bila swali, handaki likafunguka, na saa ya Moshi ikajirekebisha kupitia humo humo.

Nikabadilisha NTP ya Moshi isome moja kwa moja kutoka intaneti, nje ya handaki, nikazima ruta kwa kuchomoa waya, nikahesabu. Handaki lilirudi kabla mama hajamaliza kunimiminia chai. Njiro walinunua soketi ya ziada kwa ajili ya birika.