Maikroarei: kioo cha kuchungulia jeni zilizo kazini

Seli ya ini na seli ya ngozi zina DNA ileile, lakini kazi zao ni mbalimbali. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimeamka na zipi zimelala. Jeni ikiamka, seli huinakili katika RNA mjumbe, na nakala hizo ndizo hutumika kutengenezea protini. Hali hiyo ya jeni kuwa kazini, kwa wingi au kwa uchache, ndiyo huitwa udhihirisho wa jeni. Maikroarei hupima hali hiyo kwa maelfu ya jeni kwa mpigo mmoja.

Chombo chenyewe hakina makuu. Ni kipande cha kioo kilichopangwa vitone vidogo mno, na kila kitone kimebeba vipande vya DNA vya jeni moja inayojulikana. Ujanja wote umo katika tabia ya herufi nne za DNA: A hushikana na T, G hushikana na C, kwa hiyo uzi ulio peke yake humnasa pacha wake hata akiwa katikati ya umati.

Tuseme unalinganisha seli za saratani na seli zenye afya. Unatoa RNA mjumbe kila upande, kisha kwa msaada wa kimeng'enya unaigeuza kuwa DNA. Ile ya saratani unaitia rangi nyekundu inayong'aa, ile ya afya kijani. Unazichanganya, unazimwaga juu ya kioo, unaziacha saa kadhaa zishikane, halafu unaosha. Kisha leza hupita kitone kwa kitone.

Kitone chekundu kinasema jeni hiyo inafanya kazi zaidi kwenye saratani. Cha kijani, kinyume chake. Nguvu zikilingana, kitone huwa cha njano, maana hapa tunachanganya mwanga, si rangi za ukutani. Cheusi? Hakuna aliyeitika. (Picha zile za kupendeza hupakwa rangi na kompyuta, mashine yenyewe husoma nguvu ya mwanga tu.)

Mfano ninaoupenda ni wa hamira. Mwaka 1997 wanasayansi DeRisi, Iyer na Brown walitengeneza kioo chenye karibu jeni zote za hamira, 6,000 na ushei, wakaifuatilia hamira wakati sukari ilipokuwa ikiisha. Hamira hula sukari kwanza na kutoa pombe. Sukari ikikauka, hugeuka na kuila pombe ileile. Kwenye kioo mgeuko huo ulionekana waziwazi: jeni nyingi zilizima na nyingine zikawaka, tena kwa makundi. Miaka miwili tu nyuma, mwaka 1995, kioo cha kwanza kutangazwa kutoka Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa na jeni 45 za mmea wa Arabidopsis.

Tahadhari moja kabla hujaamini kitone: RNA nyingi si lazima ilete protini nyingi. Kilichoipunguzia maikroarei umaarufu, hata hivyo, ni kingine. Siku hizi wengi husoma herufi za RNA moja kwa moja, bila kuamua mapema watafute jeni gani. Kwenye kioo, jeni isiyo na kitone chake haina pa kushika. Hata ikiwa ndiyo kiini cha ugonjwa, huondoka na maji ya kuoshea.