Kingamwili na amiloidi: yanayosemwa barazani na yaliyo kweli

“Amiloidi ni wanga, basi mzee aache muhogo.”

Amiloidi ni protini iliyojikunja vibaya na kurundikana mwilini, kama kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, maradhi yanayokula kumbukumbu za wazee. Jina ndilo lililoleta utata. Dondoshea tone la iodini kwenye kipande cha muhogo mbichi uone: kitageuka buluu iliyokoza, karibu na weusi. Mwaka 1854 tabibu Mjerumani, Rudolf Virchow, aliona chembe fulani za ubongo zikibadilika rangi kwa iodini, akazipa jina litokanalo na neno la Kilatini la wanga. Miaka 5 baadaye ikabainika kuwa amiloidi ni protini, lakini jina lilikuwa limeshaota mizizi. Leo maabara hutia kipande cha nyama ya mgonjwa rangi iitwayo Congo red, na chini ya darubini maalumu amiloidi hung’aa kijani.

Protini iliyojikunja vibaya hupandana na wenzake wa umbo lile lile, kama sahani kabatini, mpaka ukapatikana uzi mgumu ambao mwili hauwezi kuukata. Muhogo wa nazi hauna kesi hapa.

“Mzee akichanganyikiwa, ndiyo hiyo Alzheimer.”

Alzheimer huingia polepole, kwa miaka. Mzee aliyesali Isha akiwa sawa, kisha alfajiri hamtambui mwanawe, ana jambo jingine: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji, au kidonge kipya alichoanzishwa juzi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Anayetaka kumnywesha kombe na amnyweshe, ila sukari ipimwe kwanza.

“Ukiongeza kinga, uchafu wa ubongo utaondoka wenyewe.”

Dhana hii ndiyo inayouza chupa nyingi za asali na habbasoda, na ina punje ya ukweli ndani yake. Watu wengi, hata wazima kabisa, wana kingamwili za asili, yaani protini za kinga zinazomshika adui mwilini, zinazoitambua amiloidi beta, ile inayorundikana katika Alzheimer. Dawa ya aducanumab ilitokana na chembe za kinga za wazee ambao akili zao zilikuwa bado timamu.

Lakini kingamwili si ufagio. Kila moja hushika umbo lake tu. Lita moja ya damu ya mtu mzima ina takriban gramu 7 hadi 16 za kingamwili za aina ya IgG, na zinazolenga amiloidi ni kiduchu humo. Kisha kuna ukuta baina ya damu na ubongo: katika kila 1,000 hupenya kama 1. Watafiti walishajaribu njia ya wingi, wakakusanya kingamwili za wachangiaji damu wengi na kuwatilia wagonjwa kwa dripu. Majibu ya mwaka 2013 yalionyesha kuwa akili haikunusurika. Ikiwa mzigo wote ule mshipani haukufua dafu, kijiko cha habbasoda asubuhi kitafanya nini?

“Sindano mpya zinaponya.”

Haziponyi. Lecanemab, kingamwili iliyotengenezwa maabara dhidi ya amiloidi beta, ilijaribiwa kwa watu 1,795 kwa miezi 18. Kwa wastani, waliopewa dawa na wasiopewa waliendelea kudhoofika. Waliopewa dawa walidhoofika polepole zaidi, kwa tofauti ya pointi 0.45 kwenye kipimo cha pointi 18. Kipimo cha dawa katika jaribio hilo kilikuwa miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili, kila wiki 2. Kwa kipimo hicho, mtu wa kilo 60 hutiwa miligramu 600 kwa dripu ya saa 1 hivi. Familia ya Lamu na ihesabu: boti hadi Mokowe, kisha barabara ndefu, kila wiki 2, na bei bado hujaiuliza.

Hatari yake nayo ina sababu. Amiloidi hukaa pia kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Kingamwili ikiibandua, ukuta huvuja: ubongo huvimba au damu huchirizika. Ndiyo maana picha za MRI hurudiwa katika miezi ya mwanzo, na anayetumia dawa za kuyeyusha damu huangaliwa kwa tahadhari kubwa.

“Kingamwili ni mlinzi, haiwezi kuwa maradhi.”

Inaweza. Katika maradhi ya amiloidi ya aina iitwayo AL, chembe za uboho huzalisha vipande vya kingamwili kupita kiasi, na vipande hivyo vyenyewe ndivyo vinavyogeuka amiloidi moyoni na kwenye figo. Mkojo hutoa povu jingi, ulimi huvimba hadi meno yakaacha alama pembeni, macho huzungukwa na michubuko bila kupigwa. Hii haisubiri: wiki chache zina uzito.

“Ni maradhi ya Wazungu.”

Badiliko la jeni la V122I, linaloifanya protini ya damu iitwayo transthairetini ijikunje vibaya na kuwa amiloidi moyoni, hubebwa na kama 3 hadi 4 katika kila Wamarekani weusi 100, na asili yake ni Afrika Magharibi. Huanza kwa hila. Mikono yote miwili hufa ganzi, lawama zikaenda kwenye kushona kofia. Miaka ikipita, pumzi hukatika, miguu huvimba, na mtu aliyekuwa na presha anaona imeshuka yenyewe, akashukuru. Moyo ndio umechoka.

Mwaka 2023 madaktari wa London walieleza juu ya wanaume 3, wa miaka 68, 76 na 82, ambao amiloidi ya moyo itokanayo na transthairetini iliwarudi nyuma bila dawa, nao wakakutwa na kingamwili za asili dhidi yake. Ni 3 tu, msiache vidonge.

Cha kumuuliza daktari ni hiki: ukuta wa moyo ukizidi milimita 12 kwenye picha, huku mistari ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ni midogo, apime kwanza vipande vya kingamwili kwenye damu na mkojo. Picha ya mifupa inayotumika kutambua transthairetini inaweza kuwaka hata kwa mgonjwa wa AL, na dawa zao si moja.