Dhima ya serikali kwa mtu aliyekosa kazi

Jamani hili la "dhima ya serikali" nimelisikia vibaya mara nyingi mno, hapa Mwanza sokoni Mwaloni Kirumba wanalisema, kwenye daladala za Buhongwa wanalisema, kijana hana ajira anaambiwa kaishtaki serikali ikulipe fidia, Katiba si imesema kazi ni haki. Dhima ni pale serikali imekuumiza kwa namna ambayo sheria inaitambua na mahakama inaweza kuiamuru ilipe. Basi.

Shida ni kwamba watu wanasoma ibara moja wanafunga kitabu. Ibara ya 22 kweli inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi, na ukibaguliwa kwenye nafasi ya serikali unaweza kwenda Mahakama Kuu. Ila inayomgusa huyu kijana ni ya 11, ile inayoitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu ili haki hiyo itekelezeke, na hiyo imo Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, sehemu ambayo ibara ya 7(2) inasema wazi mahakama haiwezi kuitilia nguvu. Yaani unaweza kumbana nayo mbunge, jaji hapana. Mimi inaniuma, maana aliyekosa kazi anaumia kweli, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Chukua mfano, mwaka 1999 Ulaya ilizuia samaki wa ziwa letu la Victoria sababu ya uvuvi wa sumu, viwanda vya minofu ya sangara vikakosa soko. Hasara ilikuwepo, ila kuonyesha kwamba imetokana na kosa la ofisi fulani ya serikali ndio mtihani wenyewe.

Sasa mgambo wakivunja meza ya mama muuza dagaa bila kufuata taratibu, hapo kuna kitendo, kuna aliyekitenda, kuna hasara inayohesabika, hiyo ndio dhima, na kabla ya kufungua kesi unatoa notisi ya siku 90. Ukiachishwa kiwandani kwa uonevu, hiyo ni dhima ya mwajiri, unaipeleka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Na fao la kukosa ajira la NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, sio fidia, linatokana na michango.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu akaishtaki serikali, muulize kwanza nani kamtoa kazini na lini, maana hizo siku 30 hazimsubiri.